Programu gani inatoa noizi vizuri? Pima mwenyewe, hatua kwa hatua

Maswali ya kuondoa noizi, zile chenga zinazojaa kwenye picha za gizani, ni yale yale jamani. "Kaka, programu gani inatoa noizi vizuri kuliko zote?" "Lightroom au DxO?" "Hivi darktable ya bure inafika kweli?" Halafu kila anayejibu anataja anayotumia yeye, anabandika picha mbili za kabla na baada, basi, mjadala umeisha na muulizaji bado hajui aende wapi. Nimeona niandike hii mara moja, mtu akiuliza tena anatumiwa.

Mshindi sitamtaja. Ntakuonyesha namna ya kuzipima kwa picha zako, kamera yako na kompyuta yako hiyo hiyo, kwa sababu linganisho nyingi zinazozunguka zimeharibika kabla hata hazijaanza: programu moja imefunguliwa ikiwa na ukali juu, nyingine imeongeza mwanga kimya kimya, ya tatu imenyoosha kona za lenzi, alafu mtu anasema "hii ina noizi zaidi". Haina noizi zaidi, imeongezewa mwanga tu, na mwanga ukiongezwa noizi inaonekana.

Mfano wetu uwe ukumbini usiku, sendofu au harusi, maana ndo kesi inayoleta watu wengi hapa. Taa za LED za zambarau, bi harusi anaingia anacheza, umefungua lenzi f/2.8, shata 1/200, na ISO (namba ya kamera kukuza mwanga hafifu) imepanda 6400 mpaka 12800. Ukifika nyumbani ukifungua picha, suti ya bwana harusi imejaa chenga.

Nadharia kidogo tu

Noizi ziko aina mbili za kukumbuka. Kuna chenga za mwanga, zile punje punje kama mchanga, na kuna chenga za rangi, yale madoa ya kijani na zambarau yanayojaa kwenye nguo nyeusi. Za rangi kuzitoa ni rahisi, karibu kila programu inaweza bila kuharibu kitu. Za mwanga ndo kasheshe, kwa sababu punje ya noizi na uzi wa lesi vinafanana ukubwa, programu ikifuta kimoja inaweza ikafuta na kingine.

Noizi inaonekana zaidi sehemu za giza kwa sababu hapo mwanga ulioingia ni mdogo. Na hili linatuhusu sana sisi, ngozi nyeusi ikipigwa kwenye mwanga hafifu inaangukia huko huko gizani, kwa hiyo uso wa mteja wako ndo uwanja wa vita. Linganisho la mtu aliyepiga paka mweupe sebuleni kwake halikusaidii.

Kitu cha mwisho kabla hatujaanza. Slaida za zamani za noizi, vile vitelezi unavyosogeza kwa mkono, zinalainisha picha ambayo tayari imeshatengenezwa. Hizi za AI, Denoise ya Adobe iliyoingia Lightroom Aprili 2023 na DeepPRIME ya DxO iliyoanza na PhotoLab 4 mwaka 2020, zinaanzia kwenye data mbichi ya kihisio, pale pale programu inapojenga rangi za kila pikseli. Ndo maana JPEG hazitaki.

Andaa hivi kabla hujaanza

- Mafaili ya RAW (data mbichi ya kamera, siyo JPEG) manne. Moja la ISO ya juu lenye mwanga sahihi na uso wa karibu. Moja lililopigwa giza linalohitaji kuinuliwa kama stopu 2 (kila stopu ni mwanga mara mbili). Moja lenye vitu vyembamba: misuko, hina, lesi, ndevu, maandishi ya bango la nyuma. La nne tutalipiga pamoja kwenye hatua ya 2.
- Programu zenyewe. darktable na RawTherapee ni za bure kabisa, zipo za Windows, Mac na Linux. Lightroom Classic na DxO PhotoLab zina muda wa majaribio bila malipo. Kama una Canon, shusha na Digital Photo Professional, kama ni Nikon shusha NX Studio, zote hazilipiwi na zinajua kamera yako vizuri.
- Nafasi kwenye diski, GB 20 hivi, maana TIFF za 16-bit, mafaili makubwa ya picha yasiyopoteza ubora, zinakula sana.
- Chaja. Kompyuta nyingi za kubeba zikiwa kwenye betri zinapunguza nguvu ya GPU (chipu ya michoro), kwa hiyo muda utakaoupima utakuwa wa uongo.
- Karatasi na kalamu. Ndiyo, karatasi. Ukishafungua programu ya tatu hukumbuki ya kwanza uliiweka namba ngapi.

Usianze kushusha zote siku moja kama muda wa majaribio ni mfupi. Maliza za bure kwanza, piga picha zako za kupimia, alafu ndo uwashe majaribio ya zile za kulipia siku ambayo una nafasi ya kukaa. Na za kuvunjwa-vunjwa ziache, ukiacha suala la wizi na virusi, mara nyingi ni matoleo ya zamani yasiyoijua kamera yako, sasa hapo unakuwa unalinganisha nini?

Hatua zenyewe

1. Kila programu ipe folda yake.
Nakili mafaili yale yale kwenye folda tofauti: moja ya Lightroom, moja ya DxO, moja ya darktable, moja ya RawTherapee. Usizifungue zote kwenye folda moja. darktable inaandika faili la .xmp pembeni ya picha, RawTherapee inaandika .pp3, DxO inaandika .dop, na darktable inaweza kusoma baadhi ya marekebisho yaliyoandikwa na Lightroom. Unakuta umefungua picha unadhani ni mbichi kumbe imeshaguswa.

2. Piga picha ya shahidi.
Hii watu wengi wanairuka na ndo inayomaliza ubishi. Weka kamera kwenye stendi, usiku, ndani, kwa taa ya kawaida. Mezani panga kitenge, kitu chenye maandishi madogo kama boksi la dawa, kipande cha lesi au wigi la misuko, na kitu cheusi tii. Kama kuna mtu mvumilivu wa kukaa bila kutikisika mkalishe pembeni, uso ni muhimu.

Piga ISO 6400 kwa shata 1/50. Alafu bila kugusa kamera wala tundu la lenzi, shusha ISO mpaka 100 na shata iwe sekunde 1.3. Mwanga ni ule ule, maana umeshusha ISO stopu 6 na umerefusha shata stopu 6. Tumia taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisitikise kamera. Piga na ya ISO 12800 kwa 1/100 ukipenda.

Sasa ile ya ISO 100 ndo shahidi. Inakuonyesha kitenge kina nyuzi gani kweli, herufi zimeandikwaje kweli. Programu ikikuletea "undani" ambao shahidi hana, ujue imetunga.

Angalizo: kwenye menyu ya kamera zima Long Exposure NR, hiyo inagusa mpaka RAW. Ile High ISO NR kwa kamera nyingi inagusa JPEG tu, lakini izime nayo uondoe wasiwasi. Na 1/50 au 1/100 sijazichagua hivi hivi, umeme wetu ni wa 50 Hz, taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, ukitumia shata ya kasi kama 1/320 unaweza kupata mistari na tofauti ya mwanga kati ya picha na picha.

3. Zima kila kitu ambacho programu imeweka yenyewe.
Hapa ndo linganisho nyingi zinapokufa. Hakuna programu inayokufungulia RAW ikiwa tupu, kila moja ina vionjo vyake.

Lightroom: nenda Detail, Sharpening inaanza na 40, ishushe 0. Noise Reduction upande wa Color inaanza na 25, ishushe 0. Luminance iache 0. Zima Enable Profile Corrections.

DxO PhotoLab: preseti yake ya kuanzia ina mambo mengi, mwanga, lenzi, ukali, rangi. Chagua No Correction. Hiyo ya kurekebisha giza la kona za lenzi iangalie kwa jicho la pekee, kwa sababu inainua mwanga wa kona, na noizi ya kona inainuka nayo.

RawTherapee: chagua profaili ya Neutral, imemaliza.

darktable: angalia moduli ya exposure, kwa mpangilio wake wa kawaida inaongeza mwanga kidogo tangu mwanzo. Angalia kama sharpen imewashwa, izime. Angalia denoise (profiled) haijawashwa.

Ukimaliza, zumu 100% kila programu, angalia ukuta au pazia. Zote zinatakiwa zionyeshe chenga zinazokaribiana. Kama moja ni safi sana kuliko nyenzake basi kuna kitu hujakizima, rudi ukitafute kabla hujaendelea.

4. Sawazisha mwanga na rangi.
Usiandike 4200K kwenye programu zote ukadhani umesawazisha, namba hizo hazifanani kati ya programu na programu. Chukua kile kidude cha kunyonyea rangi, bonyeza sehemu ile ile ya kijivu au nyeupe kwenye picha, kila programu. Alafu chagua sehemu moja ya ukuta na sehemu moja ya shavu, soma namba za RGB, sogeza mwanga mpaka zikaribiane. Hazitalingana kabisa kwa sababu kila programu ina mkunjo wake wa kontrasti, wewe zikaribishe tu. Kontrasti kubwa inazamisha giza na kuficha noizi, kwa hiyo programu yenye picha nzito itaonekana safi bila kufanya kazi yoyote.

Ile picha iliyopigwa giza inue stopu 2 kwenye programu zote. Hapo utaona tabia zao halisi.

5. Washa kutoa noizi, na hicho tu.

Lightroom: Detail, kisha Denoise. Amount inaanza 50, iache hapo kwanza. Matoleo ya mwanzo yanatengeneza faili jipya la DNG (aina ya RAW ya Adobe) lenye jina linaloishia Enhanced-NR, kubwa kweli kweli. Tangu katikati ya 2025 inafanya kazi juu ya faili lile lile. Jaribu pia njia ya zamani ya Luminance na Color kwenye nakala nyingine, ni vizuri uone tofauti yake na AI.

DxO: chagua aina ya DeepPRIME unayotaka kupima. Zile zenye XD zinavuta undani zaidi na zinachukua muda zaidi. Kama programu inaomba kushusha moduli ya kamera na lenzi yako, ikubalie, alafu rudi uhakikishe haijawasha ukali wa lenzi.

darktable: washa denoise (profiled). Angalia kwenye profile imetaja kamera yako na ISO yako. Ikiandika generic poissonian maana yake kamera yako haina profaili humo, matokeo yatakuwa ya kubahatisha. Anza na non-local means auto. Ukitaka kutenganisha chenga za rangi na za mwanga, hamia wavelets kwenye Y0U0V0, ina mistari yake miwili tofauti, lakini usiende huko siku ya kwanza.

RawTherapee: kwanza nenda kwenye Demosaicing, yaani njia ya kujenga rangi za kila pikseli, kwa ISO ya juu jaribu LMMSE badala ya AMaZE, inazalisha takataka chache kwenye picha yenye chenga nyingi. Kisha Detail, Noise Reduction, rangi iache ijipime yenyewe na mwanga upandishe kwa mkono.

6. Linganisha kwa noizi iliyobaki, namba za slaida zisahau.
Kama utasoma hatua moja tu, soma hii. 50 ya Lightroom haina undugu na 50 ya RawTherapee. Ukiziweka zote 50 ukalinganisha hujapima kitu.

Fanya hivi: chagua sehemu tupu isiyo na undani, ukuta, pazia lililo nje ya fokasi, anga la usiku. Kwenye kila programu sogeza slaida mpaka chenga zilizobaki hapo zifanane kwa macho. Siyo ziishe kabisa, zifanane. Zikishafanana ndo uhame kwenda kwenye lesi, nyusi na misuko uangalie nani kabakisha undani mwingi zaidi. Programu mbili zikiwa na usafi sawa ukutani, ile iliyobakisha nyuzi za lesi ndiyo imefanya kazi nzuri. Ukiruka hatua hii utampa ushindi yule aliyelainisha sana au yule aliyelainisha kidogo, kutegemea siku hiyo umeamka vipi.

Na usikimbilie kumaliza noizi yote. Punje kidogo kwenye uso ni sawa, tena karatasi ikichapwa hazionekani. Uso usio na punje hata moja, usio na vinyweleo, unakuwa kama wa mdoli, na mteja atakwambia "mbona sijifanani" hata kama hajui noizi ni mdudu gani.

7. Toa mafaili kwa vipimo sawa.
Toa TIFF ya 16-bit, sRGB, ukubwa kamili, bila ukali wa kutolea. Hiyo ni ya kuangalia kwa 100%. Alafu toa na zile utakazompa mteja kweli: JPEG yenye upande mrefu pikseli 2048 kwa ajili ya mitandao, na nyingine ya kuchapa A4, pikseli 3508 kwa 2480 kwa 300 dpi.

Kamera ya megapikseli 24 inatoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000. Ukiipunguza kuwa 2048, pikseli kama nane zinayeyuka kuwa moja na noizi nyingi inafia hapo hapo. Kuna watu wanalipia programu kila mwezi kusafisha chenga ambazo mteja hatakaa azione kwenye simu yake.

Usizitume kwenye WhatsApp kama picha za kawaida alafu ukalinganisha huko, inazibana na kuziharibu. Tuma kama dokumenti.

8. Angalia sehemu hizi, kwa 100%.
Zumu ya 300% haina faida, hakuna mteja anayeangalia picha kwa darubini. Pita hapa:

- Kope, nyusi, na pale nywele zinapoanzia kwenye paji la uso. Njia za misuko zinabaki au zimeyeyuka?
- Lesi ya gauni na nyuzi za kitenge. Linganisha na shahidi.
- Maandishi: bango, keki, lebo ya chupa. AI ikizidiwa inatoa herufi kali kabisa ambazo hazisomeki, au zinasomeka kitu kingine. Hii ni dalili ya utunzi.
- Nyuso za watu wa nyuma, wageni waliokaa mbali, nje ya fokasi. Hapa ndo AI zinaaibika zaidi, unakuta uso mdogo una macho makali na mdomo uliopinda, au ukungu wa nyuma umejaa vinyuzi nyuzi ambavyo havikuwepo.
- Suti nyeusi. Madoa ya rangi yameisha? Au yameisha pamoja na mshono wa suti?
- Shavu, pale mwanga unapogeuka kuwa kivuli. Inatakiwa iteleze taratibu, isikatike vipande vipande.
- Dhahabu na shanga. Vikipoteza mng'ao programu imelainisha kupita kiasi.

Andika kwenye karatasi, kila sehemu nani bora. Utashangaa mshindi wa lesi siye mshindi wa nyuso za nyuma.

9. Ficha majina, muite mtu mwingine aangalie.
Badilisha majina ya mafaili yawe A, B, C, D, ufunguo uandike pembeni. Mwite mwenzako au mteja mzoefu, muoneshe zile za ukubwa wa A4 na muulize ipi angependa kwenye albamu. Ukijua jina la programu, macho yako yanapendelea, hasa kama umeshailipia. Mtu asiyejua anaona picha tu.

Kama hawezi kutofautisha, umepata jibu lako hapo hapo, tena la bure.

10. Pima muda.
Chukua simu, washa saa ya kuhesabu, toa picha 10, gawanya. Alafu zidisha na idadi ya picha za kazi yako ya kawaida. Programu ikichukua sekunde 40 kwa picha, picha 600 za harusi ni saa 6 na dakika 40. Kompyuta isiyo na GPU ya maana ikichukua dakika 5 kwa picha, ni saa 50, na hapo umeme usikatike. Kwa Denoise ya Lightroom Adobe wenyewe wanashauri GPU yenye kumbukumbu kubwa, GB 8 ndo raha, chini ya hapo inafanya lakini unasubiri.

Dawa yake ni kuchagua. Siyo kila picha inahitaji AI. Zile za ISO 1600 kushuka slaida za kawaida zinatosha, peleka kwenye AI zile 60 za albamu na zile zilizopigwa giza, acha zikimbie usiku ukilala.

11. Amua kwa kazi unayofanya.
Kwa maoni yangu, na hapa unaruhusiwa kunibishia: kama picha zako zinaishia kwenye simu, darktable ikiwekwa vizuri inatosha kabisa na hela ya programu nunua lenzi ya 50mm f/1.8, itakupa mwanga mwingi zaidi na noizi itapungua kuanzia mwanzo. Kama unachapa albamu kubwa na unapiga kumbi zenye giza kila wikiendi, AI zinastahili hela yake, hasa kuanzia ISO 6400 kwenda juu, na hasa kwenye picha za kuinuliwa stopu 2. Kama umeshazoea Lightroom na hutaki kuhama, kuna DxO PureRAW, inasafisha tu na kukurudishia DNG unayoendelea nayo Lightroom. Hiyo nayo ukiipima, zima marekebisho ya lenzi kwanza, maana inayawasha yenyewe.

Mambo yakigoma

*Kitufe cha Denoise kimefifia, hakibonyezeki.* Mara nyingi umefungua JPEG. Kama ulipiga RAW+JPEG hakikisha umechagua RAW yenyewe.

*Programu haifungui mafaili ya kamera yangu.* Kamera mpya inataka programu mpya, sasisha kwanza. Ikigoma, Adobe DNG Converter ni ya bure, badili kuwa DNG ujaribu tena, ila DxO haitaikubali kama kamera yenyewe haiijui. Wenye Nikon Z8 na Z9, NEF (RAW za Nikon) zilizobanwa kwa High Efficiency zimekuwa zikisumbua programu za bure, rudi kwenye kamera uchague Lossless.

*RawTherapee nasogeza slaida hakuna kinachobadilika.* Zumu 100%. Ukiangalia picha nzima kwenye skrini haikuonyeshi kazi ya noizi.

*DxO nayo hainionyeshi.* Kwa matoleo mengi DeepPRIME inaonekana kwenye kidirisha kidogo tu, picha nzima unaiona baada ya kuitoa. Sogeza kidirisha kwenye uso, kisha kwenye nguo.

*Ngozi imekuwa ya plastiki.* Shusha Amount, kutoka 50 nenda 30 au hata 20. Unaweza pia kurudisha punje kidogo, Lightroom iko kwenye Effects, Grain. Inachekesha kutoa noizi alafu kuweka punje, lakini kwenye karatasi inapendeza.

*Madoa makubwa ya rangi bado yapo kwenye nyeusi.* Pandisha ya rangi peke yake, Lightroom kuna Color na chini yake Smoothness, hiyo ya pili ndo inayoshika madoa mapana. Ya mwanga usiiguse. Na kama picha ilipigwa giza sana, usiilazimishe ing'ae, acha suti ibaki nyeusi.

*Kuna vidoti vyekundu au vyeupe vinabaki sehemu zile zile kila picha.* Hizo ni pikseli zilizokwama, siyo noizi ya kawaida. darktable ina moduli ya hot pixels, RawTherapee ina Hot Pixel Filter. Zitoe kabla ya noizi.

*Mistari ya kulala inakata picha nzima.* Kama ni mipana na imetokea chini ya taa za LED, ni shata yako na upepesaji wa taa, hakuna programu ya noizi itakayoimaliza. Siku nyingine shusha shata au geuza kona.

*Programu inajifunga katikati ya kazi.* Sasisha draiva ya GPU, chomeka chaja, funga kivinjari chenye tabo arobaini, toa picha chache kwa mkupuo. Na angalia diski haijajaa, yale mafaili ya Enhanced-NR yanaijaza haraka kuliko unavyofikiri.

*Nimepiga na simu, je?* DNG ya kawaida ya simu unaweza kuipima kwa njia hii hii. Ila ProRAW ya iPhone imeshaunganishwa kutoka picha kadhaa na kusafishwa ndani ya simu kabla hujaigusa, kwa hiyo usiitumie kuchagulia programu ya kamera yako kubwa.